Kibiriti Hakina Shemeji

Wavu wa nailoni ukichomwa hautoi moshi kama wa kuni. Kwanza hujikunja, kana kwamba unataka kujificha ndani yake wenyewe. Kisha huyeyuka na kudondosha matone meusi yanayowaka yangali hewani, na kila tone hulia kwa sauti nyembamba kabla ya kugusa mchanga. Harufu yake ina utamu wa kuchefua unaokwama nyuma ya koo, usiotoka kwa maji wala kwa chai. Hata sasa, nikipita mahali watu wanapochoma mifuko na chupa pembezoni mwa Kisumu, hunibidi nisimame na kushika kitu. Watu hudhani nina pumu. Sina pumu. Nina kumbukumbu ya ufuo mmoja, ufuo wa Kagwel, mwendo mfupi kutoka Kisian ukielekea magharibi, na ya msimu mmoja wa mvua nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Msimu huo harufu hiyo ilitujia karibu kila juma, nasi watoto tukaizoea kama tulivyozoea harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juani.

Msimu huo ulianza kwa njaa ambayo watu wa mbali na ziwa hawaijui, njaa ya watu waishio kando ya maji. Ziwa lilikuwa pale pale, pana, likimeta asubuhi na kununa jioni, lakini nyavu zilirudi zimebeba gugumaji, vijiti na konokono. Ngege, ambaye ndiye samaki wa kumwandalia mgeni wa heshima, alikuwa amepungua hadi akatoshea katika kiganja changu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Kulikuwa na watu waliovuta rimba, ule wavu mrefu wa kukokotwa kutoka ufuoni, wenye matundu madogo yasiyosamehe kitu. Wengine walikuwa wameunganisha vyandarua vya mbu na kuingia navyo katika mafunjo, mahali samaki wanapotagia, wakavua watoto wa samaki kwa ndoo na kuwauza kuwa chakula cha kuku. Afisa aliyepaswa kuwazuia alikuwa akija siku moja moja, akaandika, akaondoka. Mama, aliyekuwa akichuuza samaki katika soko la Kombewa, alianza kurudi nyumbani mapema, na sisi tulijua kwamba kurudi kwake mapema hakukuwa habari njema. Alisema kwamba mtu anayekula mbegu hana haki ya kulilaumu shamba.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Jina lake la msikitini lilikuwa Juma, lakini ufuoni hakuna aliyelitumia. Alikuwa Ogutu, mwenyeji wa Seme, mtu wa mikono mipana na sauti ndogo, ambaye watu walimletea ugomvi wao kwa sababu hakuwa na haraka ya kuuamua. Mama alizaliwa mjini, katika mtaa wa Kaloleni, miongoni mwa Waislamu ambao babu zao walitoka pande nyingi, wengine pwani, wengine bara, wakakutanishwa na reli na biashara. Yeye ndiye aliyetupa Kiswahili chetu, akitusahihisha kila tulipokileta nyumbani kikiwa kimepoteza viungo vyake ufuoni, ambako watu walikivaa juu ya Kidholuo chao kama koti la kuazima. Aliyewakutanisha wawili hao alikuwa kaka yake Mama, Mjomba Shaibu, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Nyufa za mashua ya mbao huzibwa kwa pamba kabla ya kupakwa lami, na Mjomba alikuwa akimletea Baba mabaki ya pamba kutoka kiwandani. Siku moja Baba alikwenda Kaloleni kumshukuru, na aliyemfungulia mlango alikuwa Mama. Baba alipenda kusema kwamba yeye alifuata pamba tu, akapewa kanga.

Kiwanda kilipofungwa, Mjomba alihamia kwetu Kagwel pamoja na bintiye wa pekee, Mwanaisha, ambaye mama yake alikuwa amefariki. Baba alimuundia mashua ndogo, akamsaidia kuchagua wavu halali wenye matundu mapana, akampa uwanja kando ya boma letu ajenge kibanda. Mwanaisha na mimi tulikuwa marika. Tulilala mkeka mmoja, tukasuka nywele kwa chanuo moja, na tukatandikwa pamoja kwa makosa ya mmoja wetu. Mjomba, kwa upande wake, hakuwa mvuvi. Aliingia ziwani akiwa amevaa shati la kola, akawasalimu samaki, watu walisema, kabla ya kuwatega. Wanawake waliosubiri mashua asubuhi walimtania kwamba Shaibu huvua kwa dua kwa kuwa wavu wenyewe haumjui. Yeye alicheka nao, akawajibu kwamba dua haichaniki. Wavu wake ulichanika mara nyingi, na alipoushona aliushona kama alivyofundishwa kiwandani: aliziba. Mkono wake wa miaka mingi ya nguo haukujua kwamba katika wavu kazi ni kuacha nafasi, kwamba mshonaji wa wavu hushona tundu, si uzi. Palipochanika palibaki pamefumwa pakakazana, kama kiraka kwenye goti la suruali. Mama Atieno, jirani yetu mwenye ulimi usiopumzika, alimwambia siku moja, "Shemeji, hilo blanketi ukimaliza tuletee, usiku kuna baridi." Baba alikuwa ameketi pale akinoa tezo, na akacheka hadi akaweka tezo chini. Akamwonyesha Mjomba jinsi ya kupima kwa vidole. Mjomba alijaribu, akasahau, akaziba tena.

Katika karakana ya Baba ndimo walimozaliwa Jorit. Kwa Kidholuo neno hilo lina maana ya walinzi, na lilianza likiwa neno zuri. Wanaume wachache walikaa juu ya mbao zisizokamilika, mvua ikipiga bati, wakakubaliana kwamba ikiwa hakuna wa kuyalinda mafunjo basi wao watayalinda. Mkubwa wao alikuwa Ochola, mtu mrefu aliyewahi kuwa bawabu mjini na aliyependa kusimama miguu ikiwa imeachana, lakini aliyefikiri kwa niaba yao alikuwa Baba. Baba aliamini katika kuanza. Methali yake ilikuwa penye nia pana njia, na aliisema akiwa na msumari mdomoni, akiwa anavuta ubao uliokataa kukaa, akiwa hana mbao kabisa. Tatizo lilikuwa namna ya kupima nyavu. Wengi hawakusoma, na rula ilileta ubishi, huyu akiuvuta uzi na yule akiulegeza. Baba akatoa kibiriti mfukoni. Kila tundu la wavu, akasema, lipitishe sanduku la kibiriti bila kulazimishwa. Rula ni ya serikali, lakini kibiriti kila nyumba inacho, kwa hiyo hakuna atakayedai kwamba hakujua. Na wavu usiopitisha kibiriti ulichomwa kwa kibiriti hicho hicho. Watu walilipenda jambo hilo. Lilikuwa jepesi kueleweka, kipimo na hukumu vikikaa mfuko mmoja.

Sitaki kudanganya kuhusu majuma ya kwanza. Yalikuwa ya furaha. Rimba zilizojulikana na kila mtu, za watu waliojiona hawagusiki, zilibebwa hadharani na kuteketezwa, na wanawake walipiga vigelegele. Sisi watoto tulipita tukipima kila kitu kwa kibiriti: masikio ya mbuzi, pengo la jino la Mwanaisha, matundu ya kuku. Lakini waliochomewa nyavu walinunua nyingine na kuzificha, na Jorit wakahitaji kujua zinakofichwa, na mtu mwenye kitu cha kuficha hasemi kwa kuombwa. Ndipo lilipokuja lile neno. Mtu alipelekwa ziwani kwa mashua, akafungwa mikono kwa kamba ya wavu wake mwenyewe, akateremshwa majini na kupandishwa, akateremshwa na kupandishwa, hadi akataja wenzake. Jorit hawakuliita jambo hilo mateso. Walisema, "Tumemwogesha." Walilisema huku wakitabasamu kidogo, kama watu wanaozungumzia mtoto mchafu. Mama alipotusikia tukilicheza, mimi nikimwogesha Mwanaisha katika beseni la samaki, alitunyang'anya beseni na tangu siku hiyo akalipiga marufuku neno lenyewe nyumbani. Hatukuoga tena kwetu. Tulijimwagia maji.

Aliligombania jambo hilo na Baba kwa namna yao, yaani kwa utulivu, mbele ya chakula. Mama alimwambia kwamba mtu akitishwa kwa maji atamtaja hata mamaye. Baba hakukataa. Alisema kwamba hata yeye hakulala vizuri. Lakini ziwa likifa watakufa wote, wenye hatia na wasio na hatia, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Akamwomba Mama amwonyeshe njia nyingine. Mama hakuwa nayo, akamwongezea ugali. Kisha akasema kwamba mtu kukosa njia hakumaanishi apite juu ya migongo ya watu. Nilikuwa mtoto, na nilimwona Baba kuwa ndiye mwenye hoja, kwa sababu yeye alikuwa na jibu na Mama alikuwa na swali tu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa siku ya soko. Mama alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Kombewa na vikapu vyake, na mvua ilikuwa imenyesha na kuacha upepo baridi utokao ziwani. Jorit walikuja kukagua nyavu zilizotundikwa juu ya miti, na sisi tuliwafuata kama tulivyowafuata siku zote, mimi na Mwanaisha tumeshikana mikono. Walipofika kwa wavu wa Mjomba, Ochola aliutazama kwa juu juu, akapita, kisha akarudi. Alikuwa ameona kiraka. Akaweka kibiriti pale palipofumwa, na kibiriti kikakwama.

Mjomba alicheka. Alicheka kama mtu aliyeonyeshwa shati lake ambalo vifungo vimekosana. Akaeleza kwamba hapo ni mkono wake tu ulioharibu, kwamba wavu ni halali, wapime penginepo. Ochola akapima penginepo, kibiriti kikapita. Akapima tena, kikapita. Lakini kanuni, akasema Ochola, ilisema kila tundu. Watu wote wakamgeukia Baba, kwa sababu kanuni ilikuwa yake, na Mjomba naye akamgeukia, bado akitabasamu. "Shemeji," alimwambia, "waambie." Baba alitakiwa kusema sentensi mbili tu: Wavu huu niliuchagua mimi. Nilimwona akiushona. Baba alikitazama kibiriti kilivyokwama, akawatazama wale waliokwisha kuchomewa nyavu zao, ambao walikuwa wamesimama nyuma wakingoja kuona kama sheria ya Ogutu ina mlango wa nyuma wa jamaa zake. Miaka mingi baadaye aliniambia alichokuwa akifikiri: kwamba sheria ikianza kusikiliza hadithi ya mmoja, itabidi isikilize hadithi za wote, na kila mwenye rimba ana hadithi. Siku ile alisema maneno matatu.

"Kibiriti hakina shemeji."

Watu waliguna kwa kustahi. Nilijivunia baba yangu. Hilo nalikumbuka barabara, jinsi kifua changu kilivyopanuka. Wavu ukachomwa, na Mjomba akasimama akiutazama, mikono ameitia nyuma, kama mtu anayehudhuria sherehe ambayo hakualikwa. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Ochola akasema kwamba mwenye wavu haramu huogeshwa, ataje aliyemuuzia na wengine wanaovua kama yeye. Baba akasema kwa sauti yake ndogo kwamba wavu umetosha. Ochola hakuinua sauti naye. "Ogutu," alimwuliza, "kibiriti hakina shemeji, maji ndiyo yanaye?" Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Baba alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Kisha akaufunga, akainama akaokota kipande cha kamba kilichokuwa miguuni pake, akaanza kukifungua mafundo.

Walimpeleka Mjomba kwa mashua iliyochongwa na Baba. Hawakwenda mbali, tuliwaona vizuri kutoka ufuoni, mwili wake ukishuka na kupanda, na kila alipopanda tuliisikia sauti ya Ochola ikiuliza na sauti ya Mjomba isiyo na jibu, kwa kuwa mtu huyo hakumjua yeyote. Hakuwa na siri. Alikuwa mgeni hata katika makosa ya ufuo ule. Nadhani alitafuta jina lolote la kuwapa, na katika ziwa lote hakupata ila moja. "Ogutu anajua," alisema, na maji yalibeba sauti yake hadi kwetu bila kuipunguza. "Mwulizeni Ogutu. Ogutu anajua." Walidhani anatapatapa. Wakamshusha tena. Mwanaisha, aliyekuwa bado amenishika mkono, akauachia. Hakuutupa, hakunisukuma, aliuachia tu, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kisicho chake, akaenda kusimama peke yake hadi maji yakamfika magotini.

Mama alirudi mchana akamkuta kaka yake amefunikwa kila nguo iliyokuwamo nyumbani, na bado anatetemeka. Aliuliza mara moja yaliyotokea, nami nikamweleza, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wakitazama chini. Hakupiga kelele. Alichemsha maji. Homa ilimpanda Mjomba na kikohozi kikamshuka kifuani, na alipoanza kuhema kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala, tukampeleka hospitali ya Kombewa. Daktari alisema ni nimonia, na nimonia ndilo neno lililoandikwa. Siku zote hizo Baba alipasua kuni na kuziweka mlangoni, na Mama alizichukua. Hawakusemezana. Mjomba, katika siku yake ya mwisho, alimwomba Baba msamaha kwa kumtaja jina. Hilo ndilo lililomvunja Baba kuliko yote, na sijui kama Mjomba alilisema kwa upole wake wa kawaida au kwa kuwa homa ilikuwa imempeleka mbali.

Alizikwa mjini, katika makaburi ya Waislamu, na maiti iliandaliwa nyumbani kwa Bibi, mama yake Mjomba, Kaloleni. Wanaume walioosha walikuwa wamekwisha kuingia ndani na maji, karafuu maiti na pamba. Baba alikuja uani akikunja mikono ya kanzu yake, kwa sababu ni haki ya jamaa wa karibu kushiriki, na kwa sababu, nadhani, alitaka kufanya jambo moja la mwisho kwa mikono ile. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumzuia kwa mkono. Alimwambia tu, akimwita kwa jina langu kama siku zote, kwa sauti ambayo wote tuliokuwa uani tuliisikia:

"Baba Zena, wewe umekwisha kumwogesha. Waachie wenzako."

Baba akabaki pale, mikono ya kanzu imekunjwa, maji ya mvua yakimdondokea kutoka paani, na hakuna aliyemwambia aingie wala aondoke. Kilio kilikuwa kimejaa nyumba nzima, lakini kwangu mimi uchungu wa siku ile ulikuwa pale uani, kwa mtu mmoja aliyesimama akiwa tayari kwa kazi na kazi imemkataa.

Kama ningekuwa natunga hadithi, ningesema kwamba samaki hawakurudi. Walirudi. Baada ya mwaka, mafunjo yaliyolindwa yalijaa vishindo vidogo alfajiri, na mwaka uliofuata Mama alipeleka Kombewa ngege wapana kama sahani, na watu wa Kagwel wakaezeka nyumba kwa mabati mapya. Tulikula samaki tukashiba. Nilidhani Mama atawasusa, lakini aliwala kama sisi, akafyonza mifupa, akaniona nikimtazama. Aliniambia kwamba samaki hakumkosea mtu. Aliyebadilika ni jina la Baba. Kuanzia mazishi hadi alipofariki yeye mwenyewe, Mama hakumwita tena Baba Zena. Alimwita Jarit, yaani mlinzi mmoja katika Jorit. Jarit, chakula tayari. Jarit, mvua inakuja, ondoa mbao zako. Alimtunza, alimzalia mwana mwingine, alimwuguza alipoanguka kutoka juu ya mashua, na katika yote hayo alimwita kwa cheo chake. Wageni walidhani ni heshima.

Jorit hawakuisha samaki waliporudi, ingawa samaki ndio waliokuwa sababu ya kuwapo kwao. Mtu aliyejifunza kuogesha hasahau. Walianza kuchagua samaki mkubwa kutoka kila mashua, wakisema mlinzi naye hula. Kisha wakaogesha mtu kwa kumtukana Ochola, na mwingine kwa sababu ya mwanamke. Hakukuwa tena na kibiriti chochote katika mambo hayo. Baba alijitoa, akasema hadharani kwamba huko siko walikokubaliana kwenda. Ochola alimkumbusha kwamba njia ni ile ile. Mwishowe waligombana wao kwa wao na kutawanyika, na baada ya miaka michache rimba zilirudi majini, na vyandarua, na watoto wa samaki kwenye ndoo.

Leo nafundisha katika chuo kimoja hapa mjini, na kila mwaka, katika somo la uandishi wa hoja, huwapa wanafunzi wabuni chama cha siri chenye lengo jema na mikono michafu, kisha wajadili kama lengo linaihalalisha njia. Huandika kwa ufasaha. Wengi wao huhitimisha kwamba inaruhusiwa, mradi waokolewao wawe wengi kuliko waumizwao, na wachache hukataa kwa kunukuu dini. Ninachokiona katika karatasi zao, za upande huu na za upande ule, ni kwamba waumizwao hawana majina, na hakuna anayewapenda. Chama cha kubuni huumiza watu wa kubuni. Sijawahi kuwaambia kuhusu Kagwel. Nimewahi tu kuwaomba waitazame tena methali ya penye nia pana njia, waone kwamba haikusema njia yenyewe inapita kwa nani.

Baba yu hai. Anaishi na mdogo wangu wa mwisho karibu na Kisian, katika nyumba ambayo kutoka barazani mwake unaona ziwa, na ndani ya ziwa, vizimba vya kufugia samaki vimepangwa kwa mistari, kila kimoja na mwenyewe, na walinzi wa kulipwa waliovaa sare. Wenye vizimba wengi wanaishi mjini. Wavuvi wa Kagwel hununua samaki wa vizimbani kama mtu yeyote, na siku nyingine hununua waliogandishwa kutoka nje ya nchi, wakiwa kwenye katoni, karibu na maji waliyovulia babu zao. Nilimtembelea Jumapili iliyopita. Alikuwa ametulia, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, na bila mimi kumwuliza lolote akaanza kuongea juu ya mafunjo, jinsi yalivyokuwa mazito upande wa kushoto, na jinsi ngege walivyorudi mwaka ule. Nilimsikiliza. Kisha nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza, kama yote yale yalistahili kufanywa.

Alinitazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Mlisoma," alisema.

Ni kweli. Nilisoma kwa samaki wale, mimi na wadogo zangu, kidato kwa kidato hadi chuo kikuu. Nimejenga maisha yangu kwa kuzipima hoja za wengine, na hapo barazani nikatambua kwamba hoja ya baba yangu ni mimi, nimeketi mbele yake nimevaa viatu vizuri, na kwamba siwezi kuipinga bila kujitoa mwenyewe duniani. Nikamwuliza, "Na Mwanaisha?"

"Mwanaisha yupi?"

Sikujua ni uzee uliouliza au ni kitu kingine, cha zamani kuliko uzee. Mwanaisha hakurudi kulala kwetu hata siku moja baada ya mazishi. Mama alimwomba, akamsihi. Alibaki kwa Bibi, na Bibi alipofariki aliozwa kabla hajamaliza shule ya msingi, kwa mfanyabiashara wa Pap Onditi, na huko ndiko aliko hadi leo. Tunaonana kwenye misiba. Hunipa mkono, na huwa wa kwanza kuuachia.

"Wa Shaibu, Baba," nikamwambia.

Akageuka kulitazama ziwa. Upepo ulikuwa umetulia, na mlinzi mmoja alikuwa akipiga makasia kati ya vizimba, akimwaga chakula. Nilidhani Baba amesinzia. Ndipo aliponiuliza, kwa ile sauti yake ndogo, bila kunigeukia:

"Naye alisoma?"

Nikamwambia hakusoma.